Video Isiyo na Mwenyewe

Mwaka 2017, Wakenya wakielekea kupiga kura Agosti 8, video fupi ilizagaa kwenye simu zao. Ilionyesha Kenya ya mwaka 2020 chini ya mgombea wa upinzani Raila Odinga: nchi iliyosambaratika, makabila mazima yakifurushwa. Haikubeba jina la chama wala la mtu. Desemba, shirika la Privacy International lilibaini kuwa kampeni hiyo ilitengenezwa na Harris Media, kampuni ya Texas, ili kumrudisha madarakani Rais Uhuru Kenyatta. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilikifanyia kazi AfD, chama cha Ujerumani kinachopinga wahamiaji, ambacho Septemba kiliingia bungeni kwa mara ya kwanza kwa asilimia 12.6 ya kura.

Tumezoea kuziona siasa kali za mrengo wa kulia kuwa ugonjwa wa Wazungu. Kwangu mimi, kilichovuka bahari hakikuwa itikadi, kwa maana Jubilee, chama cha Kenyatta, haikuwa na haja na chuki dhidi ya wahamiaji. Kilichovuka ni ufundi: itafute hofu iliyokwisha kujikita mioyoni mwa watu, ivalishe picha, ifikishe kwenye kila kiganja, kisha ufiche mkono. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kampuni ya data za kisiasa, Cambridge Analytica: ilifadhiliwa na tajiri wa Marekani Robert Mercer, na Steve Bannon, bosi wa tovuti ya mrengo wa kulia ya Breitbart, alikuwa katika uongozi wake. Machi 2018 mkuu wake mmoja, Mark Turnbull, alirekodiwa kwa siri na televisheni ya Uingereza, Channel 4, akijigamba kwamba walikipa chama cha Kenyatta sura mpya mara mbili na kukiandikia ilani. Chama cha kawaida, chenye ofisi na wabunge, kikawa mteja wa duka moja na wenye siasa kali.

Wapo watakaosema Kenya haikuhitaji mwalimu wa chuki, na kweli watu zaidi ya 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi wa 2007, wakati ujumbe wa simu na redio vilipochochea moto. Lakini mtangazaji wa redio alijulikana. Mmoja wao, Joshua arap Sang, alifikishwa hadi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ingawa kesi yake ilikoma Aprili 2016. Kwa video ya 2017 ungemshtaki nani? Wengine watasema majigambo ya wafanyabiashara si ushahidi, na kwamba Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais wa 2017 kwa dosari za kisheria na za upelekaji wa matokeo, si kwa matangazo. Nakubali: hakuna awezaye kuhesabu kura zilizogeuzwa. Kwangu uharibifu ulishatokea pale mpiga kura aliposhindwa kujua anasema na nani.

Msomaji wa Yakobi au Makambako, huku kwetu Njombe, Tanzania, asidhani haya ni ya Nairobi tu. Kiswahili ni kimoja, na video ikitengenezwa Mombasa haihitaji mkalimani ili ieleweke Njombe. Kanuni zetu za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wakate leseni, yaani ziliwabana walioandika kwa majina yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imegusa jambo lililo karibu zaidi na kiini, kwani taarifa zetu ndizo zinazomwonyesha fundi wa video za aina hiyo hofu ya kila mmoja wetu. Bado tunahitaji sharti moja jepesi: kila tangazo la siasa mtandaoni libebe jina la aliyelilipia.