Msimbo asilia na msimbo uliotafsiriwa

Msimbo asilia ni maagizo ya mashine yaliyoandaliwa kwa aina ileile ya kichakataji kinachoyatekeleza. Msimbo uliotafsiriwa ni maagizo ya kichakataji cha aina nyingine, yaliyogeuzwa ili yaweze kutekelezwa kwenye kichakataji kilichopo. Mfano wa programu inayofanya tafsiri hiyo ni Rosetta 2, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2020, ambayo huwezesha programu zilizoandaliwa kwa vichakataji vya x86-64 kuendeshwa kwenye vichakataji vya ARM64. Sehemu kubwa ya msimbo wa programu hutafsiriwa kabla ya programu kuanza. Msimbo unaozalishwa programu ikiendelea hutafsiriwa papo hapo. Wakati wa kusaka hitilafu katika programu iliyotafsiriwa hivyo kwa kutumia zana iitwayo LLDB, mtaalamu huonyeshwa rejista na maagizo ya x86-64, ingawa kichakataji chenyewe kinatekeleza yale ya ARM64.