"Hakuna Dhamana": Maneno Yaliyojificha Ndani ya Ruta Yako

Ukifungua katoni ya ruta, televisheni au king'amuzi kipya, mara nyingi utakuta karatasi mbili ambazo watu wachache huzisoma. Ya kwanza ni kadi ya dhamana, au waranti kama tunavyosema madukani. Inaahidi kwamba kifaa kikiharibika ndani ya muda fulani kitatengenezwa au utapewa kingine. Ya pili ina maandishi madogo kama chungu (siku hizi mara nyingi imehamia kwenye menyu ya kifaa chenyewe, sehemu ya taarifa za kisheria). Hiyo inasema kuwa ndani ya kifaa mna programu huria, na kwamba programu hizo hazina dhamana ya aina yoyote.

Karatasi moja inaahidi, nyingine inakana. Sasa msomaji, uamini ipi?

Jibu ni kwamba zote mbili ni za kweli, ila zimeandikwa na watu tofauti wakiwa na mambo tofauti akilini. Shida huanza pale muuzaji anapochukua maneno ya karatasi ya pili na kuyatumia kukwepa ahadi ya karatasi ya kwanza. Ili asikuchezee shere, inafaa ujue maneno hayo yalitoka wapi.

Kwa nini waliokupa walikana

Tuanzie Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa mtengeneza programu katika maabara ya chuo cha MIT. Maabara ilipewa printa mpya ya Xerox, na printa hiyo ilikuwa na tabia ya kukwama karatasi. Stallman alitaka kuiongezea programu ya kuwajulisha watu kazi yao ikikwama, jambo alilokuwa amelifanya kwa printa ya awali. Safari hii alinyimwa msimbo, yaani maandishi ya programu jinsi mwandishi wake alivyoyaandika, kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Angalia vizuri: vuguvugu hili lilichochewa na kifaa kibovu ambacho mtumiaji wake angeweza kukirekebisha, lakini hakuruhusiwa.

Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 ikaanzishwa Free Software Foundation. Leseni ya GPL ilitoka mwaka 1989, kisha toleo la 2 likafuata mwaka 1991. Wazo lake ni rahisi. Unaruhusiwa kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Lakini ukiigawa, uliyemgawia naye apate msimbo na haki zile zile ulizopata wewe.

Mwishoni mwa leseni hiyo kuna aya mbili zilizoandikwa kwa herufi kubwa tupu, zinazokana dhamana. Wengi hudhani herufi hizo ni za kutisha watu. La hasha. Sheria ya biashara inayofuatwa katika karibu majimbo yote ya Marekani inataka kanusho la dhamana lionekane waziwazi, lisifichwe katikati ya maandishi mengine. Wanasheria wakaona njia ya mkato ni herufi kubwa, na desturi hiyo ikaenea duniani hadi kwenye nchi ambazo sheria zake hazidai hivyo.

Sababu ya kukana imetajwa na toleo la 2 lenyewe: ni kwa kuwa programu inatolewa bila malipo ya leseni. Hapo pana mantiki. Jirani akikupa mche wa mwembe bure, humfikishi kwa chifu kwa sababu maembe yake ni machachu. Lakini mtu akinunua maembe ya jirani huyo, akayapanga kwenye meza Marikiti na kukuuzia, hayo ni mambo mengine. Umemlipa yeye, na maembe yakiwa mabovu ni yeye utakayemrudia.

Leseni ilijua hivyo. Kanusho lake linasema wazi kuwa lina nguvu kwa kadiri sheria inavyoruhusu tu. Na mahali pengine inamruhusu yeyote anayeigawa programu kutoa dhamana yake mwenyewe kwa malipo.

Zawadi inaingia dukani

Kiini cha Linux kiliwekwa chini ya GPL mwaka 1992. Mwaka 1995 Bruce Perens alianza BusyBox, programu moja ndogo inayofanya kazi za programu nyingi, ili kusaidia usakinishaji wa Debian. Ukiviweka viwili hivi pamoja unapata mfumo mzima unaotosha kwenye kumbukumbu ndogo, bila ada ya leseni. Kwa kampuni inayotengeneza vifaa vya bei nafuu, hiyo ilikuwa neema.

Kifaa kilichofanya mambo yajulikane ni ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka Desemba 2002. Mwaka 2003 Cisco iliinunua Linksys kwa takriban dola milioni 500. Katikati ya mwaka huo huo, watengeneza programu waligundua kuwa ruta hiyo inaendeshwa na Linux na programu nyingine za GPL, ilhali msimbo wake haukuwa umetolewa. Programu hiyo ilikuwa imepita mikono kadhaa, kuanzia kwa watengeneza chipu, kisha kwa mkandarasi wa programu, hadi kwa wenye jina kwenye katoni. Baada ya kelele na mazungumzo, msimbo ulitolewa mwaka huo huo.

Hapo ndipo karatasi ile ya pili ilipoonyesha thamani yake. Kwa kutumia msimbo huo, mwaka 2004 ulianza mradi wa OpenWrt, na ruta ya bei rahisi ikaanza kufanya kazi za mashine ghali. Mwishoni mwa mwaka 2005 Linksys ilitoa toleo la 5 la ruta hiyo, ikaacha Linux na kupunguza kumbukumbu kwa nusu, kutoka megabaiti 16 hadi 8. Wateja walilalamika, nayo kampuni ikaendelea kuuza muundo wa zamani kwa jina la WRT54GL. Mwaka 2016 ruta hiyo ilikuwa bado inauzwa. Ni kadi gani ya dhamana iliyowahi kukiweka kifaa hai kwa muda huo?

Mambo yanafika mahakamani

Si kampuni zote zilizokubali kwa mazungumzo. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilikubaliana na Harald Welte, mmoja wa waandishi wa Linux, na kuizuia kampuni ya Sitecom kugawa programu ya ruta yake bila kufuata masharti ya GPL. Mwaka 2007 waandishi wa BusyBox waliishtaki Monsoon Multimedia huko Marekani, na wakasuluhishana mwaka huo huo. Mwaka 2010 mahakama ya New York iliiagiza Westinghouse Digital ilipe dola 90,000 pamoja na gharama, na ikabidhi televisheni zilizobaki zenye BusyBox ndani. Kampuni hiyo ilikuwa imeacha kujitetea.

Kesi hizi zote zilihusu hakimiliki, na waliodai walikuwa waandishi wa programu. Mnunuzi, ambaye ndiye mwenye kifaa kilichokwama sebuleni, hakuwa na kiti mahakamani.

Mwenye kisanduku afunga mlango

Kuna walioyafuata masharti na bado wakamfungia mnunuzi. Kifaa cha TiVo cha kurekodi televisheni, kilichoanza kuuzwa mwaka 1999, kilitumia Linux na msimbo ulitolewa. Lakini kilikagua sahihi ya kidijitali kila kilipowashwa, na ukiweka programu uliyoibadilisha kilikataa kufanya kazi.

Toleo la 3 la GPL, lililotoka Juni 2007, lilikuja kuziba mwanya huo kwa vifaa vya matumizi ya nyumbani: anayekuuzia kifaa hicho akupe pia maelezo ya kusakinisha programu uliyoibadilisha. Na je, wajua ufafanuzi wa kifaa cha nyumbani ulichotwa wapi? Katika sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu dhamana za bidhaa, iitwayo Magnuson-Moss. Kwa hiyo leseni inayokana dhamana iliazima maneno ya sheria ya dhamana ili kumlinda mnunuzi yule yule. Haikumbebesha mtengenezaji mzigo usio wake pia: halazimiki kuendelea kutoa huduma au dhamana kwa programu uliyoibadilisha mwenyewe.

Hata hivyo Linux na BusyBox zilibaki kwenye toleo la 2, hivyo vifaa vingi vinavyozitumia havikuguswa na kifungu hicho.

Na sisi wanunuzi?

Hapa Kenya tumezoea risiti zilizoandikwa kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria inasema vingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora wa kuridhisha, hata kama hakutamka, na inabatilisha maneno ya mkataba yanayojaribu kuiondoa ahadi hiyo. Kwa hiyo ruta yako ikizimika baada ya wiki mbili, kijikaratasi cha GPL si jibu. Mwandishi wa programu hakukuuzia kitu. Aliyepokea pesa zako ndiye anayedaiwa.

Huko nje nako mambo yamesogea. Mwaka 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliishtaki Vizio huko California kuhusu televisheni zake, safari hii likisimama kama mnunuzi na si kama mwenye hakimiliki. Mwaka 2023 hakimu alikataa ombi la Vizio la kutaka kesi imalizwe bila kusikilizwa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 sheria mbili, ya usalama wa bidhaa za kidijitali na ya dhima kwa bidhaa zenye kasoro. Zote zinawatenga wanaoandika programu huria nje ya biashara, na kumwachia mzigo anayeiweka ndani ya bidhaa na kuiuza. Majukumu mengi ya ile ya kwanza yamepangiwa kuanza Desemba 2027. Ni ile ile hesabu ya mche na maembe ya Marikiti, iliyochukua zaidi ya miaka 30 kuandikwa kwenye sheria.

Kwa hiyo usizitupe karatasi zile mbili. Kadi ya dhamana ni ya kumwonyesha muuzaji, pamoja na risiti, maadamu muda haujaisha. Ile nyingine ni ya siku mtengenezaji atakapoacha kutoa masasisho na kifaa kuanza kuwa na nyufa za usalama. Siku hiyo dhamana itakuwa imekwisha muda wake, lakini haki ya kuomba msimbo, au ya kumpa fundi anayejua kuutumia, haimaliziki na kadi.