Uainishaji kwa Idadi: Istilahi ya Michezo ya Shule Ndogo

Miongoni mwa istilahi za michezo zinazotufikia kutoka ng'ambo bila ya kupata jina la kudumu katika Kiswahili, ipo moja inayostahili kuangaliwa kwa makini na walimu, wazazi na waandishi wa habari, nayo ni ile inayotaja desturi ya Wamarekani ya kuzigawa shule zao za sekondari, kabla ya mashindano ya mpira kuanza, kwa kadiri ya wanafunzi walioandikishwa katika kila shule, ili shule yenye watoto mia ishindane na ya watoto mia, na yenye elfu mbili ikutane na mwenziwe wa elfu mbili. Muradi wa makala haya ni kuieleza desturi hiyo, kuitafutia jina lisilopotosha, na kuuliza kama ndani yake limo jambo linalotufaa sisi wa Bujumbura.

Kwa Warundi jambo hili haliko mbali kama ramani inavyodai. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya wakimbizi wetu wa mwaka 1972, waliokuwa wamekaa miaka mingi katika makambi ya Tanzania, watu wenye Kirundi na Kiswahili vinywani mwao, na watoto wao wakaingia katika shule za huko na kuvaa jezi zake. Mjomba aliyeko Kinindo akipigiwa simu na mpwa wake aliyeko Texas na kuambiwa kwamba shule yao imetwaa kombe la 1A, aghalabu huitafsiri habari hiyo papo hapo kuwa ni kombe la daraja la kwanza, akawatangazia majirani kwamba kijana wao anacheza katika shule bora kupita zote za jimbo. Furaha yake ni halali, lakini tafsiri yake si sahihi, na asili ya kosa ni hilo neno daraja.

Katika jimbo la Texas, chama kinachosimamia mashindano ya shule, kijulikanacho kwa herufi UIL, huzipanga shule katika sehemu sita, kuanzia 1A hata 6A. Kila shule hutoa hesabu ya wanafunzi wake iliyochukuliwa siku moja maalumu ya mwezi wa Oktoba, na mgawo wote hufanywa upya kila baada ya miaka miwili. Katika mgawo wa mwaka 2024 hadi 2026, shule iliyokuwa na wanafunzi pungufu ya 105 iliwekwa katika 1A, na iliyokuwa na wanafunzi 2275 au zaidi iliwekwa katika 6A. Kwa hiyo 1A ni sehemu ya shule ndogo kupita zote, wala haisemi neno lolote juu ya ustadi wa wachezaji wake. Huko Nebraska nako mpango umegeuzwa: herufi A ni ya shule kubwa, na kadiri mtu anavyoshuka kupitia B na C mpaka kufika D, ndivyo shule zinavyozidi kuwa ndogo. Ni dhahiri basi kwamba namba na herufi hizo ni alama tupu za ukubwa, na kila jimbo limezipanga kwa namna ipendavyo.

Ama neno daraja, katika mpira wetu lina maana iliyokwisha kukaa. Timu hupanda daraja kwa kushinda na hushuka daraja kwa kushindwa. Hapa Burundi tuna Ligi A na Ligi B, na kila mwenye kupenda mpira anajua uchungu wa kutoka ile kwenda hii. Shule ya Texas haipandi kwa kushinda. Yaweza kutwaa kombe miaka mitano mfululizo na ikabaki pale pale, maadamu watoto wake hawakuongezeka. Na yaweza kufungwa kila Ijumaa na hali imehamishiwa sehemu ya juu, kwa kuwa mji wake umekua. Neno tabaka nalo lina kasoro kubwa zaidi, kwa sababu katika matumizi ya leo linabeba mambo ya utajiri na ufukara, na mtoto atakayeambiwa kwamba shule yake ni ya tabaka la chini ataelewa jambo ambalo hakuna aliyekusudia kumwambia. Neno kundi lingefaa, lau lisingekuwa limekwisha kutumika kwa zile timu nne nne zinazopangwa kwa kura katika mashindano makubwa.

Naona neno lifaalo ni fungu. Ni neno la kale, lenye maana ya sehemu iliyotengwa na nyingine, wala halina harufu ya ubora au unyonge. Tendo lenyewe tuliite uainishaji kwa idadi, kwa kuwa kuainisha ni kupanga vitu kwa aina zake, na maneno hayo mawili ya mwisho yanataja wazi kipimo kilichotumika. Na kila sehemu inayotokana na tendo hilo tuiite fungu: fungu la shule ndogo, fungu la kati, fungu la shule kubwa. Wenzetu wa ndondi walikwisha kututangulia katika adabu hii. Wao husema uzani, na bondia wa uzani wa unyoya akitwaa mkanda huitwa bingwa kwa ukamilifu, wala hakuna anayemdharau kwa kuwa hakupigana na mtu wa uzani wa juu.

Sasa yatupasa kuuliza kwa nini Wamarekani waliyafikia mafungu haya, na kwa nini shule ndogo zinazidi kuyahitaji. Mchezo wao wa mpira, ule wa mpira wenye umbo la yai unaochukuliwa mikononi, hutaka watu kumi na mmoja uwanjani kwa kila upande, na kwa kuwa ni mchezo wa kugongana, hutaka pia akiba kubwa ya wachezaji wa kuwapumzisha waliochoka na kushika nafasi za walioumia. Katika nchi tambarare za mashamba, mashine zimechukua kazi iliyokuwa ikifanywa na mikono mingi, familia zimehamia mijini, na shule iliyokuwa ikijaa imebaki na madarasa yenye nafasi. Fauka ya hayo, wazazi wengi wameingiwa na hofu ya madhara ya kichwa yatokanayo na kugongana, na vijana wamepata michezo mingine ya kuwavuta. Idadi ya vijana wanaocheza mchezo huo katika shule ilipita milioni moja na laki moja karibu na mwaka 2008, kisha ikaanza kushuka, na upungufu kama huo huzipata kwa uchungu zaidi shule ambazo hata hapo awali zilikuwa zikijikusanya kwa taabu.

Hata hivyo, dawa ya kwanza ilipatikana zamani. Mwaka 1934, katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, mwalimu mmoja wa mji mdogo wa Chester, jimbo la Nebraska, jina lake Stephen Epler, alitunga mchezo wa watu sita kwa kila upande, ili shule zisizoweza kupata kumi na mmoja zisikose mpira kabisa. Uwanja ukafupishwa kuwa yadi 80 kwa urefu na yadi 40 kwa upana, na wachezaji wote sita wakaruhusiwa kuupokea mpira unaorushwa mbele. Mpaka leo shule za fungu la 1A huko Texas hucheza mchezo huo, na timu ikizidiwa kwa pointi 45 katika kipindi cha pili, mchezo husimamishwa ili aliyeshindwa asifedheheshwe. Yapo majimbo yanayocheza watu wanane. Na zipo shule zilizochoka kuhesabu peke yao, zikaungana mbili au tatu kuunda kikosi kimoja. Muungano huo napendekeza tuuite timu ya ubia, kwa kuwa ubia ni ushirika ambao kila mmoja huleta alicho nacho na huondoka na sehemu yake ya faida.

Lililonivutia kupita yote katika elimu hii ni jinsi hesabu yenyewe isivyoachwa iwe ya vichwa tu. Katika jimbo la Illinois, shule za binafsi, ambazo hazifungwi na mipaka ya eneo kama shule za umma, huweza kuhesabiwa kwa kizidisho cha 1.65, kwa maana mwenye uhuru wa kuchagua ana nguvu kuliko idadi yake inavyoonyesha. Huko Minnesota na Iowa hufanyika kinyume chake: shule yenye wanafunzi wengi wanaostahili chakula cha ruzuku kwa sababu ya umaskini wa nyumbani hupunguziwa hesabu, kwa kuwa mtoto mwenye njaa, au mwenye kazi ya kumsaidia mzazi jioni, hayuko uwanjani hata kama jina lake limo katika daftari. Hii ndiyo insafu, na ndiyo roho ya istilahi yetu: kuhesabu waliopo, kisha kupima wanaoweza.

Turudi nyumbani. Mtu akipita Kinindo alasiri, upande huu wa kusini wa mji wetu ambapo ardhi inashuka kwa upole kuelekea Ziwa Tanganyika, huweza kumwona mwalimu wa michezo amesimama kando ya uwanja wa vumbi na daftari lake la mistari, akiyapitia majina kwa kalamu na kuyatia alama moja moja. Ofisini na uwanjani neno lake ni lile lile tulilolirithi kutoka Kifaransa, efektifu, ambalo kwetu linataja jumla ya wanafunzi wa shule na vilevile jumla ya wachezaji wa ekipe. Urithi huo umeziunganisha hesabu mbili ambazo kwa kweli ni mbali mbali, na ni vema kuzitenga: ya kwanza tuiite idadi ya walioandikishwa, na ya pili kikosi.

Tuchukue mfano wa lisee ndogo ya binafsi yenye wanafunzi 90 katika miaka yote mitatu inayofuata elimu ya msingi. Tukisema nusu ni wasichana, wavulana hubaki 45. Ondoa wasiopenda mpira, walio wagonjwa, wanaokaa mbali na kuwahi basi, waliozuiwa na wazazi kwa sababu ya mitihani, na wale ambao umri wao umepita. Mwalimu atashukuru akibakiwa na kumi na wanne. Wawili wakiumia na mmoja akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, amebaki na kumi na mmoja bila ya akiba. Sheria za mpira wa miguu zinakataza mchezo kuanza au kuendelea iwapo upande mmoja una wachezaji pungufu ya saba, na ukingo huo hauko mbali na shule kama hiyo. Upande wa pili wa uwanja imesimama shule ya wanafunzi 1200, ambayo mwalimu wake amewaacha nje vijana wazuri kuliko waliomo katika kikosi cha yule wa kwanza.

Katika Afrika Mashariki kipimo tulichokishika katika michezo ya shule ni umri, na ni kipimo cha haki kwa kadiri kinavyokwenda. Lakini umri humlinda mtoto dhidi ya mtu mzima. Hauilindi shule ndogo dhidi ya shule kubwa. Nchini Kenya na Uganda shule zenyewe ndizo zinazoshindana, na majina yanayojirudia kileleni, kama Kakamega High na St Anthony's ya Kitale upande mmoja, na St Mary's Kitende upande wa pili, ni ya shule zenye uwezo wa kukusanya vipaji kutoka mbali. Kenya walizoea pia kuziainisha shule zao, kuanzia za taifa hata za kaunti ndogo, lakini huo ulikuwa mpango wa kuwachagulia wanafunzi nafasi za masomo, wala si wa uwanjani. Tanzania wameshika njia nyingine: katika UMISSETA, wachezaji huteuliwa kutoka shule mbalimbali na kuunda timu ya wilaya, kisha ya mkoa, hata taifa. Njia hiyo humfaa sana mtoto hodari wa shule ndogo, kwa kuwa huonekana. Lakini shule yake haipati chochote, na wale wenziwe kumi ambao si hodari kama yeye hurudi kuwa watazamaji.

Wapo watakaosema kwamba vikombe vikizidi thamani yake hupungua, na kwamba mtoto hukomazwa kwa kupambana na aliyemzidi. Hoja ya kwanza ina uzito, nami nakubali kwamba mafungu sita yangekuwa mengi mno kwa mji kama wetu. Mawili yangetosha, au matatu. Hoja ya pili siikubali. Kushindwa na aliyekuzidi kidogo hufundisha, bali kufungwa mabao kumi kila mwaka na shule ile ile hakumkomazi mtoto, humfundisha kutokuja mazoezini, na kikosi kilichokuwa na kumi na wanne mwaka huu kikawa na tisa mwaka ujao, mpaka mwalimu akafunga daftari.

Kwa hiyo nawaomba wenye kusimamia michezo ya shule, hapa Kinindo na mitaa mingine ya Bujumbura, kwamba kabla ya kupiga kura ya nani akutane na nani, waombe kila shule hesabu ya wanafunzi wake, waitangaze mbele ya wote, na wazigawe shule katika mafungu. Shule mbili ndogo zikitaka kuungana, ziruhusiwe kuunda timu ya ubia. Na isiyofikisha kumi na mmoja ipewe mashindano ya watu saba katika uwanja mfupi. Nanyi waandishi wa habari, mtakapomwandika mshindi wa fungu la shule ndogo, mwandikeni bingwa, wala msiandike daraja la chini, kwa kuwa ameshinda wote aliopaswa kushindana nao.