Askari mkulima wa Nakapanya

Askari mkulima ni mwanakijiji aliyepita jeshini au katika mgambo, kisha akarudi kwenye jembe, akalea watoto na kuzeekea kijijini. Siku ya maziko wasifu wake husomwa kabla jeneza halijanyanyuliwa, na mpangilio wake karibu haubadiliki: kuzaliwa, shule, jeshi, halafu mstari mmoja kwamba marehemu alikuwa mkulima, halafu idadi ya watoto na wajukuu. Makala haya yanamtazama mtu huyo akiwa Nakapanya, kata ya Wilaya ya Tunduru iliyo kwenye barabara ya kwenda Mangaka na Masasi, mbali mashariki ya Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Hoja ya makala ni kwamba mstari ule mmoja ndio uliobeba sehemu kubwa ya maisha yake, na kwamba uvumilivu wake ulijaribiwa shambani zaidi kuliko vitani.

Kusini mwa Tanzania jembe na silaha vimekaa karibu kwa zaidi ya karne moja. Majimaji ya 1905 yalianzia Umatumbi, wakulima walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Yalipofika Ungoni, Wajerumani wakawanyonga viongozi na wapiganaji mjini Songea Februari 1906, na mji huo huwaenzi kila mwaka hadi leo. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivuka Mto Ruvuma na kuingia Ngomano, Msumbiji, na jeshi lake, kama majeshi yote ya vita vile, liliishi kwa nafaka ya watu wa vijijini. Katika Vita vya Pili vya Dunia watu wapatao 87,000 kutoka Tanganyika walitumika jeshini, baadhi yao wakafika Madagaska na Burma. Kisha, kuanzia 1964, Frelimo ikapigana na Wareno ng'ambo ya mto, na kijiji cha mpakani kikawa na sababu zake za kuwa macho. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipotaka wananchi wafunzwe ulinzi, watu wa Ruvuma hawakuhitaji kuelezwa adui anaweza kutokea wapi.

Kizazi ambacho wasifu wake unasomwa miaka hii ni kile cha Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978; mgambo wakaitwa kwa maelfu kujaza safu za JWTZ; Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mapigano yalikuwa yamekwisha. Ni kama miezi saba. Baadhi walibaki jeshini, lakini wengi wa mgambo walirudi walikotoka, na hapo ndipo wasifu unapopiga kimya. Nyerere aliwaomba Watanzania wafunge mkanda kwa miezi 18. Aliyekuwa na mikorosho aliufunga kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika tani 17,000. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na miti yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua kabla hayajashika. Aliyerudi kutoka Uganda akitegemea shamba la babaye huenda alilikuta limegeuka pori.

Kulirudisha ni kazi isiyo na paredi. Mkorosho hupogolewa, hupaliliwa, na chini yake hufagiliwa pawe peupe ili korosho idondokayo ionekane. Maua yakichanua miezi ya kiangazi, salfa hupulizwa mapema asubuhi, umande ungalipo na upepo haujaanza. Kisha ni kuokota, kunyonyoa korosho kwenye bibo, kuanika na kupeleka magunia kwenye chama cha msingi, huku mwenye shida akishawishika kuuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya chama, kabla hata ya mavuno. Shamba la mpunga au mahindi nalo hulindwa usiku, kwani wilaya hii imo katika njia ya tembo kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji.

Atakayepinga atasema muda si kipimo: saa moja chini ya mizinga yaweza kumgeuza mtu kuliko misimu 20 ya kupalilia. Ni kweli, na askari wa Vita vya Kagera waliozikwa Kaboya, Muleba, hawakupata msimu mwingine. Lakini hao taifa limewatengea makaburi, na Siku ya Mashujaa kila Julai 25. Swali letu linamhusu aliyerudi. Wapo pia wasemao kwamba kila mtu Nakapanya ni mkulima, hivyo kilimo hakimtofautishi marehemu na jirani yake. Hoja hii ina uzito kidogo tu, maana wasifu si mashindano ya upekee. Wengine husema nidhamu ya jeshi ndiyo iliyomfanya mkulima hodari. Ushahidi wake ni mwepesi, kwani jirani ambaye hakwenda vitani alistahimili ubwiriunga uleule na bei ileile.

Jina moja la Mtwara linaonyesha jinsi vita na kilimo vilivyo karibu. Naliendele wamezikwa askari wa Tanzania waliokufa wakiilinda Msumbiji miaka ya 1980, na hukohuko Naliendele ndiko kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichosaidia kufufua korosho. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walipotoa bei ndogo, Rais Magufuli alitangaza Novemba 2018 kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na akalipa jeshi kazi ya kuzisomba. Huenda askari wastaafu wakawapimia korosho askari vijana.

Upande wa familia ndio mgumu kuliko yote, na ndio unaosemwa kirahisi kuliko yote. Miongoni mwa Wayao na Wamakua wa Tunduru ukoo hufuata upande wa mama, na mwanamume kwa desturi huhamia kwa wakwe. Kumwita askari mkulima baba wa familia kwa maana ya mkuu wa boma lake kunaruka nusu ya habari: katika mila alikuwa pia mjomba, na wapwa zake walimtazamia. Mahindi huliwa yakaisha, lakini mkorosho huzaa kwa miongo mingi baada ya aliyeupanda kuzikwa. Kwa hiyo kila aliyepanda mikorosho aliacha pia swali la nani ataiokota: wapwa kwa mila, watoto na mjane kwa faraidhi ya Kiislamu, au yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Marehemu aliyelitatua mapema, kwa kugawa miti akiwa hai na mashahidi wakiwapo, alifanya jambo ambalo wasifu ungeliweka juu ya cheo chake cha jeshini.