Msimu Mpya

Kwetu Bunda neno msimu lilikuwa na maana moja tu, nayo ni pamba. Mtu akikuambia atakulipa deni lako "msimu ukifunguliwa", hukuhitaji kumwuliza ni msimu gani. Kwa hiyo mwaka 1999, kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kilipoanza kututangazia kwamba msimu mpya wa vipindi unakuja, na kutuonjesha vipande vipande vya tamthilia tutakazoziona, mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu bandani aliuliza kwa dhati kabisa: "Kilo wanatoa shilingi ngapi mwaka huu?" Tulicheka mpaka machozi. Baadaye nilikuja kuona kwamba mzee yule alikuwa ameuliza jambo la maana kuliko sisi tuliomcheka.

Vijana wa leo hawawezi kuamini kwamba nchi nzima ya Tanzania Bara ilikaa zaidi ya miaka thelathini baada ya uhuru bila kituo hata kimoja cha televisheni. Wakenya walianza kuona picha zao mwaka 1962, Waganda mwaka 1963. Wenzetu wa Zanzibar walipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi tangu siku ya kwanza. Sisi wa Bara tulikuwa na redio. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa: chombo cha wachache wenye fedha na umeme, katika nchi ambayo wengi hawakuwa na kisima wala zahanati. Redio ilimfikia mchunga ng'ombe porini kama ilivyomfikia waziri. Wote wawili walimcheka Pwagu na Pwaguzi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyehitaji kupiga hodi kwa tajiri ili acheke.

Mlango ulifunguliwa na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka uliofuata vituo vya watu binafsi vikaanza Dar es Salaam, vya CTN, DTV na ITV. Serikali yenyewe ilikuja na Televisheni ya Taifa mwishoni mwa muongo ule. Lakini kuanza Dar es Salaam ni jambo moja, kufika Mara ni jingine. Kwetu miaka ile ya kwanza televisheni ilikuwa habari tunayosimuliwa na wasafiri. Tulichokuwa nacho ni mabanda ya video, ambako kanda za karate na za Kihindi zilirudiwa mpaka watoto wakajua nani atakufa dakika ya ngapi. Picha za siku ile ile zilitufikia tu pale mwenye uwezo alipofunga dishi, lile kubwa linaloweza kulaza ndama.

Hapa inanibidi nikiri jambo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mtu wa Azimio la Arusha kutoka kichwani hadi miguuni. Fedha za pamba ya mwaka 1999 zilipopatikana, alinikabidhi sehemu yake ninunue mabati Musoma, tuezeke nyumba ya bibi, mama yake mzazi, ambayo nyasi zake zilikuwa zimeoza. Nilikwenda Musoma. Lakini rafiki zangu wawili walikuwa wakitafuta mtu wa tatu wa kuchangia seti, dishi na jenereta, tufungue banda letu wenyewe. Nikajiambia kwamba fedha itarudi katika mwezi mmoja, na bati halikimbii. Nilirudi Bunda na televisheni iliyofungwa ndani ya blanketi, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Banda lilijaa. Msimu mpya ulipoanza, hata waliokuwa na deni walilipa ili waingie. Nikumbuke nini? Tamthilia za nje, ambamo watu walilia wakiwa ndani ya nyumba kubwa kuliko bohari la pamba. Miereka ya Wamarekani, ambayo wazee waliamini ni vita vya kweli na wakataka polisi waitwe. Taarifa ya habari saa mbili usiku, ambayo kwa mara ya kwanza ilitupa sura za watu tuliowajua kwa sauti tu. Na zaidi ya vyote, michezo ya kuigiza ya Kiswahili. Hiyo ndiyo iliyonyamazisha banda. Mama mkwe mwenye gubu, kijana aliyesahau kwao, mganga wa uongo, wote wakisema lugha yetu. Makundi kama Kaole, lililojipatia jina kupitia ITV, yalifungua njia ambayo baadaye ilipitwa na akina Steven Kanumba. Alipofariki Aprili 2012, jiji la Dar es Salaam lilifurika waombolezaji kana kwamba kila mtu amefiwa na ndugu.

Siku moja Baba alikuja bandani. Hakuwa amesema neno juu ya mabati, ingawa alijua. Alikaa kwenye benchi la nyuma, akatazama mchezo mzima, mikono juu ya fimbo. Kwenye kioo palikuwa na geti la chuma, gari jeupe, na mtumishi wa ndani aliyekuwa akitukanwa kwa sababu amevunja glasi. Mtumishi yule, katika mchezo, alikuwa ametoka "bara", bila kutajwa ni bara ipi. Ulipokwisha, Baba aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hapo sisi tuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Baba, ni mchezo tu."

"Najua," akasema. "Nauliza tu sisi tuko wapi."

Tarehe 14 Oktoba mwaka ule ule, Mwalimu Nyerere alifariki London. Tulizisikia habari kwa redio, kama tulivyosikia mambo yote makubwa ya maisha yetu. Banda tuliacha wazi, bure, mchana na usiku. Watu waliona jeneza likipokewa Dar es Salaam, waliona umati wa Uwanja wa Taifa, waliona wakuu wa nchi ambao hawakuwahi kudhani wangekuja upande wetu. Wengi wa Bunda walikwenda wenyewe, kwa malori na kwa baiskeli, wakapinda pale Makutano kuelekea Butiama. Baba miguu ilikuwa imemkatalia. Tarehe 23 Oktoba, siku ya mazishi, tulimleta bandani tukamweka benchi la mbele.

Alikuwa na dada aliyeolewa Butiama. Kila kamera ilipopita juu ya watu, Baba alisogeza uso karibu na kioo akimtafuta. Hakumwona. Lakini aliyaona mawe ya Mwitongo, yale majabali makubwa ambayo sisi wote tuliyajua, na miti nyuma yake, na wanawake waliofunga khanga viunoni kama wanavyofunga kwetu. Akagonga fimbo chini. "Haya," akasema. "Leo tupo." Kisha baada ya kitambo: "Lakini tumengoja msiba."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Mtu aliyeiona televisheni kuwa anasa alikuwa ndiye aliyeileta kijijini kwake, akiwa ndani ya jeneza. Sisemi kwamba alikosea kuikataa. Sisemi pia kwamba alipatia. Watoto wetu wamejifunza mengi kwa kioo kile. Lakini hofu yake ya kwamba wachache watatazama na wengi watabaki nje ilikuwa na upande wa pili ambao Baba aliuona: hata wengi wakishatazama, bado ni wachache wanaotazamwa.

Siku hizi ving'amuzi vimejaa, mitambo ya zamani imezimwa, na kila kituo hutangaza msimu mpya kwa mbwembwe. Mimi hukaa na kuuliza kilo ni shilingi ngapi. Namaanisha, katika saa zote hizo, mkulima wa pamba wa Bunda au mvuvi wa Musoma amepewa dakika ngapi ambazo hakuna aliyekufa wala kukatwa panga? Zipo, nakiri, na zinaongezeka. Bado ni chache.

Mabati niliyanunua baada ya pamba ya mwaka 2000. Katika masika yaliyotangulia, bibi alihamisha kitanda chake mara tatu ndani ya chumba kile kile, akikimbia matone. Hakuwahi kuja bandani. Nilipomwomba radhi, alisema tu kwamba amesikia tulimwona Mwalimu akizikwa, akataka nimsimulie. Nikakaa chini, nikamsimulia kama redio.