Jukwaa Lisilo na Kiingilio

Mwezi wa Juni, wakati kusi linapovuma katika pwani ya Afrika Mashariki na watu wa nyanda za juu wanapojifunika mablanketi, jiji la New York huingia katika majira yake ya joto. Huko jua huchwa baada ya saa mbili ya usiku, na watu waliofungiwa ndani na theluji tangu Desemba humiminika nje. Katika bustani ya Central Park mstari mrefu hujipanga tangu alfajiri kungoja tikiti za mchezo uliotungwa miaka 400 iliyopita. Katika barabara ya Fifth Avenue majumba ya makumbusho huacha milango wazi kwa jioni moja, kila apitaye aingie. Katika bustani ndogo ya Bryant Park kiwambo cha sinema husimamishwa juu ya nyasi na watu hukaa chini, kila mmoja na mkeka wake.

Mgeni ayaonapo mambo hayo hudhani kwamba ni desturi ya kale kama jiji lenyewe, na kwamba mji tajiri hauoni taabu kutoa starehe bila malipo. Historia haisemi hivyo. Nyuma ya kiti kinachokaliwa bure yupo mtu aliyetaka kilipiwe na mwingine aliyekataa.

Zamani majira ya joto yalikuwa msimu wa kufunga milango. Kabla ya mitambo ya kupoza hewa, kumbi za michezo katika Broadway zilikuwa kama tanuu. Wenye mali waliondoka kwenda milimani na ufukoni, na wenye kumbi nyingi walifunga mpaka joto lipungue. Waliobaki mjini walikuwa wale wasio na pa kwenda: washonaji wa viwandani, wapakuzi wa meli, wahamiaji waliorundikana katika vyumba vidogo, ambao usiku walipanda juu ya mapaa kutafuta upepo. Mwishoni mwa Mei 1925 jumba la sinema la Rivoli lilifungua mitambo iliyoundwa na Willis Carrier, na tangu hapo mwenye kununua tikiti ya sinema alipata picha na ubaridi pamoja. Watu wa muziki nao walikuwa na uwanja wa Lewisohn, uliokuwa mali ya chuo cha jiji, ambako tangu 1918 mpaka 1966 okestra ilipiga nje usiku, na kwa miaka mingi kiti cha nyuma kilipatikana kwa senti 25. Ni hapo, mwaka 1925, Marian Anderson, mwimbaji mweusi kutoka Philadelphia, aliposimama mbele ya okestra ya New York Philharmonic baada ya kushinda mashindano ya waimbaji. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, baada ya uchumi kuanguka, wachoraji waliokosa wanunuzi walitundika picha zao kandokando ya njia karibu na Washington Square, wakauza kwa bei yoyote iliyopatikana.

Basi sanaa za majira ya joto zilikua kwa ajili ya waliobaki, nazo zilitoka nje kwa sababu ndani hapakukalika. Walakini bei ndogo ni jambo moja, na bure ni jambo jingine. Swali la bure liliulizwa kwa ukali katika Central Park, miaka ya 1950.

Bustani hiyo ilichorwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux mwaka 1858 ili tajiri na maskini wapate mahali pamoja pa kuvuta hewa. Lakini mwaka uliotangulia, wakazi wa Seneca Village, kijiji ambamo watu weusi walikuwa wamenunua ardhi na kujenga makanisa na shule, waliondolewa kwa nguvu ya sheria ili nafasi ipatikane. Ardhi iliyoitwa ya watu wote ilianza kwa kuwatoa watu fulani. Ni vema jambo hili likumbukwe, kwa kuwa katika bustani hiyo neno “watu wote” limekuwa likibishaniwa tangu siku ya kwanza.

Joseph Papp alizaliwa mwaka 1921 katika Brooklyn, mtoto wa wahamiaji Wayahudi wasio na kitu. Shakespeare alimjua shuleni na katika vitabu vya maktaba ya umma, ambavyo havikumdai senti. Mwaka 1954 alianzisha kikundi cha waigizaji katika kanisa moja la mtaa wa maskini upande wa mashariki wa Manhattan. Mwaka 1956 alikitoa kikundi nje, katika uwanja wa wazi kando ya mto, akaonyesha Julius Caesar bila malipo mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wamepata kuona mchezo wa jukwaani. Mwaka uliofuata alifunga jukwaa juu ya lori akazunguka nalo mitaani, toka sehemu moja ya jiji hadi nyingine. Yasimuliwa kwamba lori lile lilimharibikia ndani ya Central Park, karibu na kidimbwi kilicho chini ya ngome ya Belvedere, na hapo ndipo mchezo ukapata makao.

Waswahili husema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Papp aliivunja kanuni hiyo kwa makusudi. Alijua kwamba chema kikikaa Broadway kikajiuza, hununuliwa na walewale siku zote. Basi akakitembeza mpaka mlangoni mwa asiyejua kwamba kipo. Kwake mchezo ulipaswa kuwa kama maktaba: mtu aingie bila kuulizwa ana nini mfukoni.

Juni 1958 kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti ilimwita Papp. Aliulizwa majina ya wenzake wa zamani, akakataa kuyataja. Kampuni ya televisheni aliyokuwa akiifanyia kazi ilimwachisha, ingawa baadaye msuluhishi aliamuru arudishwe. Kabla ya mwaka kwisha jambo hilo, lilikuwa limekwisha kuwa silaha mikononi mwa wapinzani wake, nao waliitumia katika ugomvi uliofuata.

Ugomvi huo ulikuwa kati yake na Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji tangu 1934. Hakuna mtu aliyeubadilisha uso wa New York kumpita yeye. Alijenga madaraja, barabara kuu, fuko za kuogelea na mamia ya viwanja vya watoto, na hayo yote bila kupata kuchaguliwa kwa kura. Mwaka 1959 Moses alimwambia Papp kwamba hatapewa ruhusa tena mpaka atoze kiingilio cha dola 1 na dola 2, na sehemu ya mapato iende kwenye idara ya bustani. Sababu yake ilikuwa nyasi. Alisema maelfu ya miguu yaiharibu ardhi, udongo unachukuliwa na maji, na gharama ya kutengeneza inawaangukia walipa kodi.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na hapana haja ya kumfanya Moses kuwa shetani ili Papp aonekane malaika. Mahali pale hapakuwa na mifereji wala viti vya kudumu, na kitu cha bure hakikosi mtu wa kukilipia. Isitoshe, dola 1 haikuwa fedha nyingi kwa mtu wa Broadway. Lakini baba wa watoto 4 akija na mkewe, dola 1 ilikuwa dola 6 kabla ya nauli. Naye ambaye hajapata kuuona mchezo hana sababu ya kutoa dola 6 kwa kitu asichojua utamu wake. Papp alijibu kwamba akianza kutoza, watakaoondoka ni haohao waliomfanya aje bustanini. Akakataa.

Wazee walisema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika kisa hiki tembo mkubwa alidai kwamba anapigana kwa ajili ya nyasi, na kwa kweli walioelekea kuumia walikuwa watu waliozoea kukaa juu yake. Papp alikwenda mahakamani. Hukumu ya kwanza ilimpa haki Moses. Tarehe 17 Juni 1959 majaji wa rufani, kwa sauti moja, waliitengua: mkuu wa bustani aweza kudai gharama halisi za kuutunza uwanja, lakini kulazimisha watu watozwe kiingilio ni amri ya utashi tu, isiyo na msingi wa busara. Fedha za kuutayarisha uwanja zikapatikana, na mwezi wa Agosti Julius Caesar akauawa tena chini ya nyota, bure.

Baada ya kushindwa, Moses aliunga mkono ujenzi wa jukwaa la kudumu mahali palepale. George Delacorte, mchapishaji wa vitabu na magazeti, alitoa dola 150,000, na jengo likaitwa kwa jina lake. Lilifunguliwa Juni 1962, lenye viti vipatavyo 1,800, kwa mchezo wa The Merchant of Venice. George C. Scott alikuwa Shylock, na kijana mweusi ambaye sifa zake zilikuwa bado mbele, James Earl Jones, alikuwa mwana wa mfalme wa Moroko. Mchezo ulipotangazwa kuonyeshwa katika televisheni, marabi wa jiji walipinga, wakihofu kwamba sura ya Shylock itawaamshia Wayahudi chuki. Papp, Myahudi mwenyewe, hakurudi nyuma. Kwa hiyo ilidhihirika mapema kwamba kuondoa kiingilio hakuondoi mabishano: mlango ukiwa wazi huingia watu wengi, na watu wengi huwa na maneno mengi.

Msomaji wa Kiswahili hakosi kuona jambo hapa. Julius Caesar na The Merchant of Venice ndiyo michezo miwili ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliifasiri. Ya kwanza ilitoka 1963, ikarekebishwa na kutolewa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari; ya pili ilitoka 1969, ikaitwa Mabepari wa Venisi. Hapana ushahidi kwamba mmoja aliiga mwingine, wala haikuhitajiwa. Katika mwongo mmoja watu wawili, mbalimbali kwa kazi na kwa bara, walikuwa wakiuliza swali moja: nani mwenye Shakespeare? New York mlango ulifunguliwa kwa kuondoa bei. Tanganyika, na baadaye Tanzania, ulifunguliwa kwa kubadili lugha.

Mlango mmoja ukifunguliwa, mwingine waweza kubaki umefungwa. Kuanzia tarehe 29 Juni 1969, kwa Jumapili sita, tamasha la muziki lilifanywa bure katika bustani ya Mount Morris, mtaani Harlem. Waliimba Nina Simone, Mahalia Jackson, Stevie Wonder na wengineo, na waliohudhuria katika siku zote hizo wakadiriwa kufikia 300,000. Hal Tulchin alilipiga picha, lakini hakupata mnunuzi wa kuziingiza sinema, na sehemu kubwa ya picha zile ilikaa sandukuni kwa muda wa miaka 50, wakati tamasha la Woodstock la mwaka huohuo likisifiwa dunia nzima. Mwaka 2021 Ahmir Thompson, ajulikanaye kwa jina la Questlove, alizitumia kutengeneza filamu ya Summer of Soul, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Oscar. Hakuna aliyezuiliwa kuingia katika bustani ile. Kilichofungwa kilikuwa ghala la kumbukumbu.

Hata katika jukwaa la Delacorte, bure ina mizani yake. Asiyelipa fedha hulipa saa. Anayefanya kazi ya kibarua hawezi kukaa mstarini tangu alfajiri hadi adhuhuri, na wapo wenye fedha waliowalipa wengine wawakalie zamu. Wenye jukwaa wamejaribu kurekebisha hilo kwa bahati nasibu na kwa kugawa tikiti katika mitaa ya mbali. Kwingineko milango imerudishwa nusu: jumba la makumbusho la Metropolitan, ambalo tangu 1970 lilimwachia kila mgeni atoe apendacho, mwaka 2018 lilianza kuwatoza kwa lazima wageni wengi watokao nje ya jimbo la New York. Yaonekana hoja ya Moses haikufa mahakamani. Hurudi kila mwaka hesabu zinapofanywa.

Papp alifariki mwaka 1991. Agosti 2025, baada ya matengenezo yaliyogharimu dola milioni 85, jukwaa la Delacorte lilifunguliwa upya kwa mchezo wa Twelfth Night, chini ya uongozi wa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Katika mchezo huo pacha wawili, Viola na nduguye Sebastian, hupotezana katika ajali ya chombo, kila mmoja akidhani mwenziwe amekufa maji. Viola alikuwa Lupita Nyong'o, na Sebastian alikuwa Junior Nyong'o, ndugu yake wa damu. Ndugu hao walisemezana kwa Kiswahili mbele ya watazamaji, ambao wengi wao hawakuifahamu lugha, lakini hawakuhitaji mkalimani kujua kwamba waliopotezana wameonana.

Usiku huo milango miwili ya miaka ya 1960, wa bei na wa lugha, ilikuwa wazi mahali pamoja, na aliyeketi kusikiliza hakuwa ametoa kiingilio. Nyasi za Central Park hukanyagwa kila Juni, na kila mwaka huota tena.