Injini inayogonga: kutambua chanzo cha mlio kabla gari halijavuka Oraba

Mlio wa kugonga katika gari la kasi ni suala la fedha kabla ya kuwa suala la ufundi. Katika njia ya Arua, Koboko na mpaka wa Oraba, mlio ule ule unaweza kuwa bati la ekzosi lililolegea, ambalo hukazwa kwa nati moja, au beringi ya konrodi iliyokwisha, ambayo maana yake ni kutafuta injini nyingine. Muuzaji husema ni bati. Mnunuzi huhofia beringi. Dereva aliyelipwa kulileta gari kutoka Kampala, umbali wa kilometa zipatazo 480, hubaki katikati akilaumiwa na pande zote mbili.

Maelezo haya yanahusu hasa Subaru Impreza na ndugu zake wenye turbo, ambayo ni miongoni mwa magari ya kasi yanayopendwa nchini Uganda. Impreza WRX ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Tangu mwaka 2018 Uganda imezuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo matoleo ya zamani yanayouzwa West Nile ni yale yaliyokwisha kuwamo nchini. Yamepitia mikono kadhaa na mafundi wengi, na kila fundi ameacha alama yake. Si ajabu kwamba mengi yana mlio wa aina moja au nyingine.

Magari ya mbio si mageni kwa watu wa Koboko. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni Wakakwa wa huko, aliwahi kuonekana mwaka 1975 akishindana katika mbio za magari mjini Kampala, wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akiendesha Citroën yenye injini ya Maserati. Ofisi ya rais inaweza kulipia injini mpya. Mfanyabiashara aliyeweka mtaji wake wote katika gari moja hana nafasi hiyo.

Ukaguzi uanze asubuhi, injini ikiwa baridi. Mnunuzi ashike boneti kwa mkono kabla gari halijawashwa. Ikiwa ina joto, muuzaji ameliwasha mapema, na inafaa kumwuliza sababu. Injini ya Subaru ina pistoni zilizolala, mbili kila upande, na ikiwa imechakaa pistoni hizo hupiga ukuta wa silinda kwa dakika chache za mwanzo kisha hunyamaza chuma kinapopata joto na kutanuka. Kitaita cha mkanda wa taimingi nacho kikichoka hupiga kelele gari linapowashwa. Mlio wa pistoni unaotoweka kwa joto unaweza kuvumiliwa, ila bei ishuke. Kitaita kibadilishwe pamoja na mkanda, kwa sababu mkanda ukiruka meno vali hugongana na pistoni na hapo injini imekwisha.

Baada ya hapo sehemu za chini zitenganishwe na injini. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja akanyage mafuta taratibu huku mwingine akisikiliza. Kama hakuna mlio hadi gari litembee na kuingia shimoni, tatizo liko kwenye shokapu, bushi au boli jointi. Kama linalia ka-ka-ka usukani unapokatwa hadi mwisho, ni jointi za ekseli. Hayo ni matengenezo ya kawaida, na mafundi wa Arua huyafanya kila siku. Mabati yanayokinga joto la ekzosi yagongwe kwa kijiti. Kutu hula nati zake, na mtetemo wake umewahi kufanya injini nzima zifunguliwe bure.

Kinachobaki ni injini yenyewe ikiwa na joto, na hapo barabara husaidia. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilometa 92, iliwekwa lami kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika muongo wa 2010. Zamani, katika vumbi na makorongo, hakuna aliyeweza kutofautisha mlio wa injini na wa boli jointi. Leo safari ya kutoka Arua hadi Koboko, kilometa zipatazo 55, inatosha kuipa injini joto kamili na kuijaribu mlimani.

Injini ikitoa mlio mwembamba wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, tena pale tu inapovuta mzigo mlimani kwa gea kubwa, mtuhumiwa wa kwanza ni petroli. Turbo hushindilia hewa nyingi ndani ya silinda, na petroli yenye okteni ndogo huwaka yenyewe kabla ya wakati wake. Japani ina daraja mbili za petroli: ya kawaida, yenye okteni isiyopungua 89, na ya juu, isiyopungua 96. Impreza za turbo za soko la Japani zilitengenezwa kwa hiyo ya juu. Zinapofika huku hupewa chochote kilichopo, na kilichopo wakati mwingine hutoka kwenye jerikeni.

Biashara hiyo ina historia ndefu. Kuanzia miaka ya 1980, vijana wa Arua waliojulikana kama OPEC Boys waliuza kando ya barabara petroli iliyovushwa kutoka Congo, kwa bei iliyoshinda vituo kwa sababu haikulipiwa kodi. Bei nafuu yenyewe haiharibu injini. Kinachoharibu ni mafuta ya taa yakichanganywa humo, kwa kuwa okteni yake ni ndogo mno. Namna rahisi ya kupima ni kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto: petroli safi hukauka bila kuacha alama, lakini yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Kipimo hiki si cha maabara, ila huokoa pesa. Doa likionekana, tangi limwagwe, litiwe petroli ya kituo kinachoaminika, gari lirudishwe mlima ule ule. Mlio ukitoweka, pengine mgogoro umemalizika kwa gharama ya tangi moja. Gari likiwa limeendeshwa muda mrefu na mlio huo, mgandamizo wa kila silinda upimwe kwanza, maana pistoni hupasuka kimyakimya.

Mlio wa beringi ni mzito, kama nyundo ndani ya ndoo, na huongezeka kadiri oili inavyopata joto na kuwa nyepesi. Husikika zaidi injini inapozungushwa hadi mizunguko 2,500 hivi kisha mguu ukaachia. Fundi anayejua kazi huchomoa waya wa injekta moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensa. Silinda ikinyimwa mafuta na mlio ukapungua, beringi mbovu ni ya konrodi hiyo. Kisha oili imwagwe na filta ikatwe. Chembe zinazong'aa zisizonaswa na sumaku ni mabaki ya beringi. Katika hali hiyo gari lisiendeshwe hata kilometa moja zaidi, libebwe. Injini ikishanoki, konrodi inaweza kutoboa ubavu wa bloku, na hapo hata krenki ya kuchonga haibaki.

Chanzo chake mara nyingi ni kitu kidogo: oili kupungua. Injini za turbo hula oili, na safari ya mwendo mkali kutoka Kampala bila kuchungulia kijiti inatosha. Msafirishaji apime oili mbele ya mwenye gari wakati wa kulipokea, apime tena Karuma au Pakwach, na aandike. Karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea.

Ipo hila ya kuficha mlio huu: kutia oili nzito mno, ambayo hunyamazisha beringi kwa siku chache. Oili inayoshuka kwenye kijiti taratibu kama asali injini ikiwa na joto ni sababu tosha ya kuahirisha malipo.

Makubaliano yafanyike Koboko, si Kaya. Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, lakini kuidai haki hiyo ukiwa Yei ni safari nyingine na gharama nyingine, na vipuri vya turbo huagizwa Kampala. Ni vyema sehemu ya malipo ibaki mkononi hadi jaribio la mlimani likamilike, na maandishi yaseme nani analipa mlio ukijitokeza kabla ya mpaka. Mwisho, nambari iliyochongwa kwenye injini ilinganishwe na ile ya kwenye kadi ya gari. Injini ikiwa ilibadilishwa bila kuandikishwa, mgogoro wa mlio huhamia kwenye dirisha la forodha Oraba.